Sitalopramu 20 na esitalopramu 10: ni dawa ileile?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Mama yangu ana miaka 64. Mwaka jana alikutwa na sonona, akaandikiwa sitalopramu miligramu 20 kwa siku, na kwa kweli ametengemaa. Mwezi huu dawa imekosekana, tukapewa esitalopramu miligramu 10. Muuzaji akasema, "Ni ileile, nusu tu, ila hii ni bora." Bei karibu mara mbili. Mama anameza pia amlodipini na haidroklorothiazaidi za presha, na omeprazoli ya vidonda vya tumbo. Mimi nilisoma PCB, na karatasi ya ndani ya boksi inasema dawa hii ni "S" peke yake, nikakumbuka kidogo habari za molekuli za kushoto na kulia. Je, ni dawa ileile? Mbona nusu? Nimpe viwili zifike 20 kama zamani? Na sitalopramu ikirudi dukani tuirudie?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na swali la tatu kwa sababu ndilo lenye hatari: usimpe viwili. Esitalopramu 10 ndiyo inayoshika nafasi ya sitalopramu 20. Ukimpa 20 ya hii mpya umempandishia dozi maradufu bila daktari wake kujua, na kwa umri wake na dawa alizonazo, hilo silipendi hata kidogo. Kama kuna vidonge vya zamani vilivyobaki kabatini, visiliwe pamoja na hivi. Kwenye maboksi utaona Citalopram na Escitalopram. Tofauti ni herufi mbili za mwanzo, na nyumbani penye wagonjwa wawili au watu wawili wanaogawa dawa, herufi mbili hupotea macho kirahisi. Yaweke mbalimbali.

Sasa kemia, maana umeiulizia mwenyewe.

Molekuli ya sitalopramu ina kaboni 20, haidrojeni 21, florini moja, naitrojeni mbili na oksijeni moja. Ichore kwenye karatasi utaona kaboni moja ambayo kila kitu kimejishikiza kwake. Imeshika vitu vinne: oksijeni iliyo ndani ya pete ya kaboni nne na oksijeni moja, pete ya benzini iliyoungana ubavu na pete hiyo, pete nyingine ya benzini yenye florini kwenye ncha, na mkia wa kaboni tatu unaoishia kwenye naitrojeni yenye methili mbili. (Naitrojeni ya pili imefungwa na kaboni kwa kifungo cha utatu, kwenye ile pete ya ubavuni. Wanafunzi wakiiona huanza kunong'ona "sianidi". Kifungo hicho ni imara, na sumu hiyo haitoki humo kwa dozi za tiba.)

Mwalimu wako wa kidato cha tano alikwambia kwamba kaboni ikishika vitu vinne visivyofanana, molekuli inaweza kujengwa kwa namna mbili, kila moja ikiwa taswira ya mwenzake kwenye kioo, na hata uzigeuzegeuze vipi hazilaliani. Ni jozi ya makubadhi: ngozi moja, uzi mmoja, fundi mmoja, lakini la kushoto halikubali mguu wa kulia. Wakemia huziita enantioma, na huzitofautisha kwa herufi R na S kwa kufuata kanuni za Cahn, Ingold na Prelog. Kanuni hizo zinaangalia namba za atomia za atomu zilizoizunguka kaboni, basi. Hazikwambii mkono upi ni dawa na upi si dawa. Wapo wanaodhani S ni herufi ya heri kwa kuwa imeandikwa kwenye maboksi mengi ya bei ghali. Hapana.

Enantioma mbili huyeyuka kwa joto lilelile na huyeyuka sawasawa majini. Zinatofautiana katika mambo mawili. La kwanza, moja huzungusha mwanga uliopolaraishwa kuelekea kulia na nyingine kushoto, kwa kiasi kilekile. La pili, ambalo ndilo lenye uzito kwetu, zinapokutana na kitu kingine chenye mkono, yaani chenye kushoto na kulia kama wao, kila moja hupokewa kivyake. Na mwili wa binadamu ni mikono mitupu: protini zake zote zimejengwa kwa amino asidi za mkono mmoja. Hata pua yako inajua. Mafuta yanayokipa kisibiti harufu yake yana kaavoni ya mkono wa S. Nanaa inayotiwa kwenye chingamu inanukia kwa sababu ya kaavoni ya mkono wa R. Atomu ni zilezile, kiungo cha pilau huku na harufu ya meno yaliyosafishwa kule.

Kidonge cha sitalopramu cha miligramu 20 ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu, S 10 na R 10. Esitalopramu ni S peke yake. Kwa hiyo mama hakupunguziwa dawa. Zile S 10 alizokuwa akimeza mwaka jana ndizo anazomeza leo, kilichoondolewa ni R. Ukiona karatasi inataja miligramu 12.77 za oksaleti usishtuke. Huo ni uzito wa dawa pamoja na chumvi iliyofungwa nayo ili kidonge kikae vizuri, dawa yenyewe humo ni 10.

Mbona basi hawakutengeneza S peke yake tangu mwanzo? Kwa sababu maabara haina mkono. Klaus Bøgesø, mkemia wa kampuni ya Lundbeck ya Denmark, alitengeneza sitalopramu mwaka 1972, na ikaanza kuuzwa huko mwaka 1989. Ukijenga kaboni ya namna ile kwa vikorokoro visivyo na mkono, unapata nusu kwa nusu, hakuna namna. Kuzitenganisha baadaye ndiyo kazi, kwani vitu vinavyoyeyuka sawa na kuganda sawa utavichuja kwa kutumia nini?

Njia ilionyeshwa zamani na Louis Pasteur. Mwaka 1848, akiwa kijana wa miaka 25, alitazama kwa hadubini fuwele za chumvi ya asidi ya tataiki, ambayo wewe unaijua kwa ukali wa ukwaju, akaona fuwele za aina mbili zinazotazamana kama kioo. Akazichambua moja moja kwa koleo dogo. Lakini ni vitu vichache mno vinavyoganda kwa ukarimu huo, na miaka mitano baadaye akapata njia ya jumla zaidi: mchanganyiko wa mikono miwili akauunganisha na kitu kingine chenye mkono mmoja, alichokitoa kwenye dawa za magome ya mti wa kwinini. S ikiungana na mkono huo na R ikiungana na mkono uleule, yale maungano mawili si taswira za kioo tena. Moja linawahi kuganda, jingine linabaki kwenye maji, unachuja.

Mti wa kwinini watu wa mkoa wetu hawahitaji kuelezwa. Wajerumani waliuotesha Amani, kule Usambara ya Mashariki, kwenye kituo cha utafiti walichokianzisha mwaka 1902. Na magome yake yana somo la kemia ya mikono ndani yake: hutoa kwinini na kwinidini, zenye atomu zilezile, zikiwa zimepishana mkono kwenye kaboni mbili tu (nyingine hazikupishana, kwa hiyo si taswira kamili za kioo). Kwinini tukaitumia kwa malaria miaka nenda rudi. Kwinidini ikawa dawa ya mapigo ya moyo yaliyokwenda mrama, na ikizidi huyapeleka mrama yenyewe. Likumbuke neno hilo la moyo, tutalirudia.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Bøgesø na wenzake walifuata njia ya Pasteur kwa kinyume: safari hii ndugu wa asidi ya tataiki ndiye aliyekuwa mchambuaji. Sitalopramu yenyewe ilikataa kutengana vizuri. Wakarudi hatua moja nyuma, kwenye molekuli inayotangulia kabla pete haijafungwa, yenye makundi mawili ya alkoholi, na hiyo ikakubali. Kilichobaki ni kufunga pete bila kuharibu mkono walioupata kwa jasho. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Alkoholi moja iko kwenye ile kaboni yenye mkono, ya pili iko pembeni kwenye kaboni isiyo na mkono. Wakaidhoofisha ile ya pembeni iwe rahisi kuondoka, halafu oksijeni ya upande wenye mkono ikanyoosha kifungo kwenda kule na pete ikajifunga. Kifungo kinachovunjika ni cha pembeni. Kaboni yenye mkono haikuguswa, S ikabaki S.

Na mwilini je, haigeuki R? Swali hili huulizwa kwa sababu ya thalidomaidi, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957 na kuondolewa 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Utasikia watu wakisema laiti wangeuza mkono mmoja salama, yasingetokea. Si kweli. Kaboni yenye mkono ya thalidomaidi ina haidrojeni iliyoshikwa kilegevu. Inang'oka na kurudi, na ikirudi inaweza kurudi upande wowote. Ukimeza mkono mmoja, baada ya saa chache damu inayo yote miwili. Sasa itazame tena kaboni ya sitalopramu uliyoichora. Vitu vinne, na hakuna haidrojeni hata moja. Hakuna cha kung'oka. S iliyoingia itatoka mwilini ikiwa S.

Twende kwenye ubongo, nitapita upesi maana hapa vitabu vyako vya baiolojia vinatosha. Seli za neva zinazotumia serotonini huimwaga kwenye mwanya ulio kati ya seli na seli, kisha protini maalumu kwenye ukuta wa seli huichukua tena na kuirudisha ndani. Dawa hizi huiziba protini hiyo, serotonini ikabaki mwanyani muda mrefu zaidi. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walichapisha umbo la protini hiyo ya binadamu likiwa limeganda pamoja na S-sitalopramu ndani yake. Naitrojeni ya ule mkia, ambayo mwilini huwa na chaji chanya, imejiegemeza kwenye amino asidi moja yenye chaji hasi, na zile pete mbili za benzini zimejaza vifuko viwili vya pembeni. R nayo huingia, lakini vipimo vya maabara vinaonyesha kuwa nguvu ya kuziba karibu yote ni ya S. Karatasi rasmi ya dawa ya Marekani inataja tofauti ya mara 100 au zaidi.

Mpaka hapa ungesema R ni abiria tu, amekaa, hasumbui. Isingekuwa hadithi ndefu hivi kama angekuwa abiria tu.

Protini ileile ina sehemu ya pili, juu ya ile ya kwanza, ambako molekuli nyingine ya dawa inaweza kukaa na kuichelewesha ya kwanza isichomoke. Umbo la 2016 liliionyesha S ikikaa huko pia. Na katika majaribio ya panya, ukiwapa S pamoja na R, serotonini hupanda pungufu kuliko ukiwapa kiasi kilekile cha S peke yake. Yaani R inaonekana kumvuta S mkono. Jambo hilo lina uzito gani kwa binadamu aliyelala kitandani ni mjadala ambao haujaisha, na mimi niko upande wa wanaosema ni mdogo kuliko wauzaji wanavyotangaza.

Jambo la pili kuhusu R ndilo ninalolijali zaidi: haiondoki upesi. Dawa hizi huvunjwavunjwa kwenye ini na vimeng'enya vitatu, kimoja kikuu kikiitwa CYP2C19, na vimeng'enya navyo vina mikono, kwa hiyo huipendelea S. Mtu anayemeza mchanganyiko wa nusu kwa nusu kila siku, baada ya wiki kadhaa damuni mwake si nusu kwa nusu tena. Karibu theluthi mbili ni R. Ile isiyotibu ndiyo inayorundikana.

Na sasa moyo. Kati ya pigo na pigo, moyo hujichaji upya, na muda wa shughuli hiyo husomwa kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kama muda wa QT. Dawa ikiurefusha kupita kiasi, mapigo yanaweza kuvurugika, mara chache hata kuua. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu sitalopramu baada ya kupima muda huo. Miligramu 20 ziliurefusha kwa milisekunde 8.5, na 60 kwa 18.5. Esitalopramu 10 iliurefusha kwa 4.5, na 30 kwa 10.7. Linganisha jozi kwa jozi, kiasi cha S kikiwa kilekile: mchanganyiko unaurefusha karibu maradufu. Tangu hapo sitalopramu ikawekewa kikomo cha miligramu 40 kwa siku, na 20 kwa mwenye zaidi ya miaka 60, au mwenye ini dhaifu, au anayetumia dawa inayokizuia kile kimeng'enya CYP2C19.

Mama ana miaka 64. Na omeprazoli inakizuia kimeng'enya hichohicho.

Kwa hiyo daktari aliyemwandikia 20 alimpa dozi sahihi, tena ndiyo kikomo chake. Hakukuwa na nafasi ya kupanda. Kwenye esitalopramu, omeprazoli huongeza kiwango cha dawa damuni kwa takriban nusu, na kwa wazee inayoshauriwa ni 10. Sasa unaona kwa nini nilikukataza viwili kabla hata ya kukusalimu vizuri. Kama vidonda vya tumbo vimepona, muulizeni daktari iwapo omeprazoli bado inahitajika, au kama pantoprazoli inaweza kushika nafasi yake, maana hiyo hukigusa kimeng'enya hicho kidogo zaidi. Watu huanza omeprazoli kwa wiki nne na kuendelea nayo miaka minne kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

Kwa kuwa unaipenda kemia, mwaga mfuko wa dawa wa mama mezani. Omeprazoli ni mchanganyiko wa mikono miwili, na mkono wake uko kwenye atomu ya salfa, si kaboni. S yake huuzwa peke yake kama esomeprazoli. Amlodipini nayo ni mchanganyiko, na S ndiyo inayoshusha presha. Ibuprofeni, kama ipo, ni mchanganyiko, ila mwili unaibadilisha sehemu ya R kuwa S wenyewe. Haidroklorothiazaidi haina mkono kabisa. Lakini ndiyo inayonipa wasiwasi wa pili baada ya omeprazoli. Hiyo hutoa chumvi mwilini kwa njia ya mkojo, na dawa za jamii ya sitalopramu, hasa kwa wanawake wenye umri mkubwa, huweza kuufanya mwili ushikilie maji kupita kiasi. Zikikutana, sodiamu ya damu inashuka. Dalili zake ni uchovu, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, kuanguka. Nyumbani huambiwa "ni uzee" au "ile sonona imerudi". Omba wampime sodiamu na potasiamu, hospitali ya Bombo au kituo chochote chenye maabara nzuri, na ECG wakati huohuo ikiwezekana. Potasiamu ikiwa chini, hatari ya ule muda wa QT huongezeka.

Vidonda vya tumbo pia vina neno lake. Chembe za kugandisha damu hutegemea serotonini, na zenyewe haziitengenezi, huichota kwa protini ileile inayozibwa na dawa. Ndiyo maana mtumiaji huvuja damu kirahisi kidogo. Peke yake si kitu kikubwa, lakini ongeza diklofenaki ya mgongo au aspirini kwa mtu mwenye kidonda, mambo yanabadilika. Mgongo ukimuuma, aanze na parasetamoli. Tramadoli aikwepe: hiyo nayo hupandisha serotonini, na serotonini ikizidi huleta kutetemeka, jasho, joto la mwili na kuchanganyikiwa, na hapo ni kukimbilia hospitali.

Na malaria, kwa kuwa tuko pwani. Lumefantrini iliyomo kwenye dawa mseto, na kwinini yenyewe ya Amani, zote zimo kwenye orodha ya dawa za kutazamwa kwa ajili ya QT. Hii haina maana kwamba akikutwa na malaria asitibiwe. Malaria ndiyo itakayomuua kwanza. Ina maana mtoa dawa aambiwe anachotumia kabla hajaandika, na kadhalika akiandikiwa azithromaisini, erithromaisini au flukonazoli. Andika majina ya dawa zake zote kwenye kipande cha karatasi kikae ndani ya kadi yake ya kliniki.

Sasa bei, na lile neno "bora" la muuzaji. Esitalopramu ilipata kibali Ulaya mwishoni mwa 2001 na Marekani mwaka 2002, wakati hasahasa hataza ya sitalopramu ilipokuwa inaisha na viwanda vingine vikijiandaa kuitengeneza kwa bei ya chini. Sadfa? Mwaka 2013 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Lundbeck faini ya yuro milioni 93.8 kwa kuwalipa washindani wachelewe kuingiza sitalopramu ya bei nafuu sokoni, na mahakama ya juu ya Ulaya ikaithibitisha faini hiyo mwaka 2021. Kwa hiyo dawa mpya ilikuwa na sababu ya kitabibu na sababu ya mfukoni, zote mbili, na anayekutajia moja tu anakuficha ya pili. Kwenye tiba yenyewe, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 uliokusanya majaribio 522 ya dawa 21 za sonona uliiweka esitalopramu miongoni mwa zilizofanya vizuri na kuvumilika. Sitalopramu ilikuwa nyuma kidogo, si mbali. Majaribio mengi ya kuzilinganisha hizi mbili uso kwa uso yalilipiwa na mwenye mali.

Wala usichukue kwamba mkono mmoja kila mara hushinda miwili. Kwa fluoksetini mikono yote miwili inafanya kazi karibu sawa. Walijaribu kuitengeneza R peke yake, wakaiacha mwaka 2000 kwa sababu dozi kubwa zilirefusha QT. Sertralini iliuzwa ya mkono mmoja tangu siku ya kwanza bila makeke. Amitriptilini, ambayo ndiyo watu wengi wa mkoa huu wamepewa miaka yote, haina mkono wowote, na inatibu. Kwa upande mwingine, prazikwanteli ya kichocho wanayogawiwa watoto shuleni ni nusu kwa nusu: R inaua minyoo, S haisaidii kitu na ndiyo chungu zaidi. Kidonge ni kikubwa namna ile, na mtoto anakitema, kwa sababu ya mzigo usiohitajika. Kama ningeulizwa ni dawa gani ilistahili kutenganishwa mikono mapema, ningeitaja hiyo kabla ya dawa yoyote ya sonona.

Kwa mama yako mahususi, sikatai mabadiliko haya. Umri wake, omeprazoli na dawa ya kutoa maji vinaifanya S peke yake kuwa na maana kuliko ambavyo ingekuwa kwa kijana wa miaka 30 mwenye moyo mzima. Kwa kijana huyo ningesema nunua sitalopramu, fedha inayobaki ikalipe nauli ya kliniki. Lakini dawa bora unayoimudu miezi miwili kisha ukakatika ni mbaya kuliko ya kawaida unayoipata kila mwezi. Akikatishwa ghafla atapata kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za ghafla, na wengine husema wanahisi kama umeme unapita kichwani.

Kwa hiyo nendeni kwa daktari wake mkiwa na mambo mawili mkononi: bei mnayoimudu kwa miezi 6 ijayo, na ni duka gani lina ipi bila kukatika. Ikiwa ni esitalopramu, 10, mara moja kwa siku. Ikiwa ni sitalopramu, 20, isizidi. Kuhama kati ya hizi mbili kwa kawaida hakuhitaji mapumziko. Jana alimeza ile, leo anameza hii, saa ileile. Wiki ya kwanza anaweza kuhisi tumbo kuchafuka kidogo au usingizi kubadilika. Akibadilika moyo kwa namna inayokutisha, asile, asilale, aseme maneno ya kujidhuru, asisubiri tarehe ya kliniki. Akizimia au moyo ukimwenda mbio bila sababu, vilevile.

Ramadhani isimsumbue. Nusu ya esitalopramu huchukua saa 30 hivi kuondoka mwilini, kwa hiyo kuihamishia baada ya futari, au daku kama inamkosesha usingizi, hakupunguzi kitu. Ila haidroklorothiazaidi aimeze baada ya futari, na maji anywe ya kutosha kabla ya kulala, maana kufunga kutwa kwa joto la Tanga huku dawa ikimtoa maji na chumvi ndiko kunakoishusha sodiamu ninayoisema. Kipimo hicho kifanyike kabla ya mfungo, si baada ya Idi.